Fundi wa njumu pale Mwanga, Kigoma: misimu sita miguuni mwangu

Kila tukimaliza mazoezi ya mpira hakosi msichana wa kunijia na njumu, kiatu cha mpira, mkononi, soli imeachama, aniulize zangu hushonwa na nani. Nimeelekeza kwa mdomo hadi nimechoka, sasa naandika.

Ni mzee mmoja fundi viatu, soko la Mwanga, hapahapa Kigoma mjini. Kibanda chake hakina kibao. Ukifika sokoni waulize akina mama wanaouza mawese, "fundi wa njumu yuko wapi?", watakuonyesha. Utakuta mwavuli mkubwa uliopauka, bati moja juu, benchi fupi, na nyuma yake ubao uliopigiliwa misumari, kila msumari umebeba jozi. Viatu vya shule na sendo anashona pia, ila njumu ndizo zinazomletea watu kutoka Ujiji hadi Mwandiga.

Mimi ni kiungo mkabaji, namba sita, kwenye timu ya wanawake ya mtaani kwetu Gungu. Nina miaka 29. Alfajiri niko mwaloni Kibirizi nanunua dagaa, mchana naanika, jioni nacheza. Nimempelekea mzee huyu viatu vyangu kwa misimu sita. Nampa nyota nne kati ya tano, na ya tano nitasema kwa nini nimeishikilia.

Nianze na maisha ya kabla yake, maana bila hayo hutaona kazi yake ina thamani gani.

Mpira niliuanza peku, shule ya msingi, na peku hivyohivyo nikafika UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Njumu nilivaa mara ya kwanza sekondari, za kaka yangu, namba 42. Mimi navaa 38. Nilijaza matambara mbele, na kila nikigeuka ghafla mguu ulitangulia, kiatu kikafuata baadaye. Kucha za vidole gumba zilikuwa nyeusi mwaka mzima. Mama alidhani nimeangukiwa na jiwe, akanichemshia maji ya chumvi, na sikuthubutu kumwambia kuwa ni mpira, angeninyima ruhusa.

Mwaka 2018 nikanunua njumu mpya dukani kwa shilingi 65,000, akiba yangu ya miezi mitatu. Ziling'aa, rangi ya chungwa, nikazitunza ndani ya boksi lake kwa ajili ya safari moja tu: majaribio ya timu ya Ligi Kuu ya Wanawake, Dar es Salaam. Ligi hiyo ilikuwa changa, imeanza msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens ndio waliochukua ubingwa wa kwanza, na mkoa wetu ulikuwa na Kigoma Sisters ndani yake. Kwa mara ya kwanza msichana wa huku aliweza kusema anataka kuwa mchezaji na asionekane anaota. Nikapanda treni stesheni yetu ya Kigoma, Uvinza, Kaliua, Tabora, Dodoma, boksi la viatu mapajani.

Dakika ya 20 hivi nikapokea mpira, nikageuka, soli ya kushoto ikafunguka kuanzia vidoleni, ikaachama kama mdomo wa samaki mgebuka. Nikaifunga kwa kamba ya kiatu nikarudi ndani. Kiungo hawezi kucheza huku akili yake iko kwenye mguu wake mwenyewe. Akili ya kiungo inatakiwa iwe mbele, nyuma na pembeni kwa wakati mmoja. Nikapoteza pasi mbili, mwalimu akaniita nje. Hakunigombeza. Aliandika kitu kwenye daftari, nikarudi Kigoma, simu haikulia. Labda wasingenichukua hata hivyo. Ila mpaka leo hakuna mtu kule aliyeona ninavyocheza, na hilo linaniuma kila nikilikumbuka.

Mwaka uliofuata dada mmoja wa timu alinishika mkono akanipeleka Mwanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete."

Hakuniuliza kiatu kina nini. Alikipindua, akapitisha kidole gumba juu ya meno ya soli, jino moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayehesabu punje za mahindi. Akachukua cha pili, akafanya vilevile. Kisha akauliza, "Unacheza namba ngapi?"

"Sita."

"Mbona unageukia upande mmoja tu?"

Nikadhani nimesikia vibaya. Akanisogezea soli mbili sambamba. Ya kushoto, meno ya ndani chini ya kidole gumba yalikuwa yamelika yakakaribia kulingana na soli. Ya kulia, meno ya sehemu hiyohiyo yalikuwa bado na makali. "Kila ukipata mpira unajisukuma na mguu wa kushoto, unageukia kulia," akasema. "Aliyekuzoea anakusubiri kulia."

Mzee huyu hakuwahi kuniona nikicheza hata dakika moja. Na alikuwa amesema kweli tupu. Kulikuwa na msichana wa timu moja ya Ujiji aliyeninyang'anya mpira msimu mzima mpaka nikaanza kumwogopa, nikiamini ana kasi isiyo ya kawaida. Kumbe hakuwa na haja ya kasi. Alikuwa anajua ninakokwenda kabla sijaenda.

Nikaanza kumweka mdogo wangu nyuma yangu jioni, mimi nikipiga mpira ukutani, na unaporudi yeye anataja "kushoto" au "kulia", nami nageukia alikotaja. Miezi mitatu ya mwanzo mguu wa kulia ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine. Msimu ulipoisha nikampelekea mzee njumu zile, akapitisha kidole chake kama kawaida, akasema, "Sasa yanalika sawa." Katika miaka yote hiyo hakuna sifa nyingine aliyonipa, na sijaihitaji nyingine.

Sasa kazi yenyewe. Njumu nyingi tunazovaa, mpya za bei ya kati na hata za mtumba, soli yake imegandishwa kwa gundi tu. Jua la kiangazi, maji ya masika, gundi inaachia. Mzee anaibandua soli yote, hata sehemu ambayo bado imeshika, anakwangua gundi ya zamani kwa kisu, anapiga msasa, anapaka gundi mpya pande zote mbili na kuiacha ikauke kidogo kabla ya kugandisha. Halafu anachonga mfereji mwembamba kuizunguka soli, na ndani ya mfereji huo anashona kwa mkono, uzi wa nailoni aliousugua kwa nta. Mfereji ndio siri. Uzi unalala ndani hauguswi na ardhi. Mafundi wengine huacha uzi nje, unasagwa na changarawe, baada ya mechi nne umekwisha. Ushono wake mimi umenikalia misimu miwili kwa jozi moja, na uwanja wetu una mawe.

Kisigino ndicho kilichonifanya nisimwache. Mguu wa mwanamke kwa kawaida kisigino chake ni chembamba ukilinganisha na upana wa mbele, na njumu kwa miaka mingi zimeundwa kwa kalibu ya mguu wa mwanaume. Kiatu kikikutosha mbele, nyuma kinacheza, kinakuchuna malengelenge. Kikikubana nyuma, mbele vidole vinakunjamana. Nilidhani ni shida yetu sisi tunaovaa mitumba, mpaka niliposoma kuwa mwaka 2023 umoja wa klabu za Ulaya uliwauliza wachezaji wanawake wapatao 350 wa klabu 16 kubwa, na asilimia 82 wakasema njumu zinawaumiza kwa kiasi cha kuweza kuathiri uchezaji wao. Wachezaji wa kulipwa, wenye madaktari na watunza vifaa! Mwaka huohuo Nike wakatoa Phantom Luna, njumu waliyoiunda wakimfikiria mwanamke. Sijawahi kuiona Kigoma. Mzee wetu alikuwa tayari anashonea vipande vya ngozi laini pande mbili za kisigino kwa ndani, anakupimisha, anakuambia ukimbie hadi kwa muuza nyanya na kurudi, anaongeza au anapunguza. Hakusoma utafiti wowote. Aliniambia wasichana walimletea viatu vilivyotoboka sehemu ileile moja, mmoja baada ya mwingine, akajua kosa si la wasichana.

Halafu kuna meno. Kiangazi, kuanzia Juni mpaka mvua za mwisho wa Oktoba au Novemba, uwanja wetu unakuwa mgumu kama sakafu. Jino refu haliingii ardhini, unasimama juu yake kama umesimama kwenye misumari, au linanasa kwenye ufa, mwili unageuka na goti linabaki. Mzee anayapunguza kwa tupa, ya nje zaidi kuliko ya ndani, ili mguu uweze kuzunguka. Anakataa kabisa kumpunguzia mtu meno wakati wa masika. Nimemwona akimrudishia kijana pesa yake.

Hili la goti nalichukulia kwa uzito kuliko yote. Wanawake tunachanika ligamenti ya mbele ya goti mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na mwili, mazoezi, uwanja na kiatu vyote vinatajwa. Alexia Putellas, kiungo wa Barcelona na Hispania, alikuwa na Ballon d'Or ya 2021, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, nyumbani, Julai 2022 akachanika goti mazoezini siku chache kabla ya michuano ya Ulaya. Alikaa nje karibu miezi kumi. Alikuwa na kila tabibu anayeweza kupatikana, akarudi, Agosti 2023 akawa bingwa wa dunia. Msichana wa Gungu akichanika goti hilohilo, safari ya kwanza ni ya kutafuta nauli ya kwenda hospitali kubwa. Ninawajua wawili ambao mpira wao uliishia hapo, mmoja alikuwa kiungo mzuri kuliko mimi. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema shilingi 3,000 za kupunguziwa meno ni nyingi, namwangalia tu.

Siku moja nikiwa nasubiri benchini nilimsimulia mzee habari za Formiga. Mzee anapenda kusikiliza huku anashona, haulizi mengi. Nikamwambia ni mwanamke wa Brazil, mzaliwa wa Salvador, mwaka 1978, wakati ambapo sheria ya nchi yake ilikuwa bado inawakataza wanawake kucheza mpira. Marufuku hiyo iliwekwa 1941 na ikaondolewa 1979. Jina lake halisi ni Miraildes Maciel Mota, ila dunia inamjua kwa jina la Formiga, ambalo kwa Kireno ni sisimizi, kwa sababu alikuwa kiungo wa kufanya kazi ya wengine bila kuchoka. Alicheza Kombe la Dunia mara saba, kuanzia 1995 mpaka 2019, na Olimpiki mara saba, kuanzia 1996 mpaka ile ya Tokyo iliyochezwa 2021. Hakuna mwingine aliyecheza Kombe la Dunia mara saba. Medali mbili za fedha za Olimpiki, 2004 na 2008. Akiwa na miaka 38 ndipo Paris Saint-Germain walipomsajili, Januari 2017, na alikuwa nao msimu wa 2020/21 walipowavua Lyon ubingwa wa Ufaransa ambao Lyon walikuwa wameushika miaka 14 mfululizo.

"Kombe la mwisho alikuwa na miaka mingapi?" mzee akauliza.

"Arobaini na moja."

Akasimamisha sindano. Akafikiri kidogo. "Basi alikuwa anaitunza miguu yake," akasema, akaendelea kushona.

Mimi huwa namfikiria Formiga nikiwa nimechoka. Kufunga alifunga, hata 2015 akiwa na miaka 37 alifunga bao dhidi ya Korea Kusini na kuwa mchezaji mwenye umri mkubwa zaidi kufunga kwenye Kombe la Dunia la wanawake. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ile isiyotangazwa: kufunga njia, kuokota mpira wa pili, kumpa mwenye kipaji cha kufunga. Kwetu huku mshambuliaji akifunga anapewa soda na watoto wanamfuata hadi nyumbani. Kiungo aliyekimbia kilomita kumi anarudi na ndoo yake ya maji. Kwa mzee wa Mwanga ndipo mahali pekee nilipowahi kukuta kazi yangu imesomwa yote, kwenye soli.

Na anafuatilia. Julai 2025 Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walipokuwa Morocco kwenye fainali za Afrika, nilipita kibandani asubuhi baada ya ile sare ya 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi. Nilitaka kumsimulia penalti na furaha yote ya mtaani. Yeye akataka kujua nyasi zilikuwa ndefu au fupi, na kama kuna mchezaji wetu aliyeteleza.

Bei zake kwa sasa, kwa jinsi ninavyolipa mimi: kubandua na kushona jozi nzima ni 8,000, kujaza kisigino 4,000, kupunguza meno 3,000. Jino lililong'oka analiziba kwa kipande cha tairi la gari, 1,000 kwa jino, ila hilo sikulipenda, kipande kile ni kizito na unakihisi ukikimbia. Njumu za mtumba anauza chache, kati ya 25,000 na 45,000. Hapo wasichana tunaumia. Namba 37 na 38 nyingi anazopata ni za watoto wa Ulaya, soli yake nyembamba imetengenezwa kwa uzito wa mtoto, inavunjika katikati. Yeye mwenyewe atakuambia usinunue. Alinifundisha kukunja kiatu kabla ya kulipa: kikikunjika pale vidole vinapoanzia ni kizuri, kikikunjika chini ya uvungu wa unyayo kirudishe kwenye belo.

Sasa nyota ya tano. Mzee hana ahadi. Akisema Ijumaa, jiandae kwa Jumatatu. Januari na Julai shule zikifunguliwa, viatu vya wanafunzi vinajaa hadi chini ya benchi, na njumu inaweza kukaa siku kumi. Msimu uliopita aliniahidi Alhamisi, mechi ilikuwa Jumamosi, Jumamosi asubuhi nikakuta bado hajagusa. Nilicheza na njumu za kuazima, nikatoka dakika ya 60 na malengelenge mawili yaliyopasuka, tukafungwa. Nilikasirika, nikamwambia kwa heshima lakini nikamwambia. Alisema pole, akashona bure safari ile, na safari iliyofuata akachelewa tena. Ndivyo alivyo. Anafanya kazi peke yake na hataki msaidizi kwa sababu, anasema, vijana wanakimbilia gundi. Ningependa sana amfundishe mtu. Macho yake yameanza kuhitaji miwani na huo mfereji hauchongwi kwa kukisia.

Pesa anataka taslimu, kwa simu hapokei. Risiti hakuna, anaandika namba kwa chaki chini ya soli na namba hiyohiyo kwenye msumari, na sijawahi kusikia amechanganya. Ijumaa anafunga mapema kwenda kuswali na kurudi ni majaliwa. Viatu vyenye matope hapokei, anakuelekeza bombani. Osha nyumbani, kausha kivulini, usianike juani, halafu peleka Jumatatu au Jumanne asubuhi. Na mwambie ukweli unacheza nafasi gani na uwanja gani. Ukimwambia tu "nishonee", atashona, lakini utakuwa umekosa nusu ya huduma.

Wiki iliyopita nilimpelekea jozi ya msichana wetu wa miaka 15. Alikuwa winga, mwalimu amemhamishia katikati acheze pembeni yangu, na mimi naona ana kitu. Mzee akavipindua viatu vile vidogo, akapitisha kidole kwenye meno ya mbele ambayo yalikuwa yamekwisha kabisa, kisha kwenye ya kisigino ambayo yalikuwa kama mapya.

"Huyu bado hajajua kusimama," akasema. "Anakimbia tu."

Akavitundika msumari wa tatu, akaandika kwa chaki. Jumanne naenda kuvichukua, na nimemwambia msichana aje mwenyewe.